Kupanga Wasilisho la Medianuwai kwa Watazamaji Wenye Vifaa Tofauti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameulizwa tena na tena na walimu, maofisa ugani na wahudumu wa afya wa vijijini wanaoandaa masomo ya picha, sauti na video hapa Uganda. Mfano utakaotumika ni somo moja la dakika kumi juu ya kuvuna na kukausha kahawa, kwa sababu watazamaji wake ni wa aina nyingi: mkulima wa robusta karibu na Masaka anayelitazama kwenye simu, chama cha wakulima wa arabika kwenye miteremko ya Mlima Elgon chenye projekta ya kuazima, na familia ya wakimbizi kutoka Kongo huko Kyangwali inayoelewa Kiswahili vizuri kuliko lugha nyingine zinazosemwa kambini.

## Misingi

1. Wasilisho la medianuwai ni nini, na kwa nini nakala moja haiwafai wote?

Ni kazi inayounganisha maandishi, picha, sauti na video kwa mpangilio wa mahali na wa wakati, yaani kila kipande kina sehemu yake kwenye skrini na sekunde yake ya kuanza na kukoma. Bango likishachapwa hubaki lilivyo popote litakapobandikwa. Wasilisho, kinyume chake, huundwa upya ndani ya kifaa cha kila mtazamaji, na kifaa hicho kina skrini yake, fonti zake, spika zake, kasi yake ya intaneti na programu zake za kuchezea video. Mwandaaji anayelipima kwenye kompyuta yake peke yake amelipima kwa mtazamaji mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe.

2. Nianze kupanga kwa kufikiria kifaa gani?

Anza na kifaa dhaifu kuliko vyote ambavyo una hakika vitatumika, kisha uongeze. Wengi hufanya kinyume: hutengeneza video ya kupendeza kwa skrini kubwa, halafu mwishoni hujaribu kuibana iingie kwenye simu, na kinachopotea katika kubana huko mara nyingi ndicho kiini cha somo. Kabla ya kufungua programu yoyote, andika kwa sentensi tatu au nne yale ambayo mtazamaji lazima aondoke nayo. Katika somo letu ni haya: chuma matunda mekundu peke yake, usiyaanike kwenye udongo mtupu, yageuze mara kwa mara, na usiruhusu mvua iyalowanishe. Toleo lolote linalobeba mambo hayo manne ni toleo halali, hata kama ni sauti tupu.

3. Kanuni ya chaguo la mwisho lisilo na sharti ni ipi?

Hii ndiyo kanuni ambayo majibu mengi ya hapa yanaitegemea, kwa hiyo ninaieleza kwa kirefu. Badala ya kutoa faili moja, unatoa machaguo kadhaa kwa mfuatano. Kila chaguo lina sharti lake, kwa mfano upana wa skrini, kasi ya mtandao au lugha, isipokuwa la mwisho, ambalo halina sharti lolote. Mtazamaji asiyetimiza sharti hata moja kati ya yaliyotangulia hupata hilo la mwisho, wala haachwi mbele ya skrini nyeusi.

Kanuni hii iliandikwa waziwazi katika SMIL, lugha ya kupangia medianuwai ambayo shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliitoa mwezi Juni 1998, na ambayo toleo lake la 3.0 lilitoka Desemba 2008. Kifaa kinachosoma SMIL hupitia machaguo kuanzia juu, huchukua la kwanza kinaloliweza, na huyaacha mengine. Kwa hiyo chaguo linalodai uwezo mkubwa lazima liwe juu na jepesi liwe chini. Ukiyageuza, hata mwenye intaneti ya kasi atapewa jepesi, kwa kuwa jepesi linakubalika kwa kila kifaa na kifaa hakitaendelea kutafuta.

SMIL yenyewe haionekani sana leo, ijapokuwa ndiyo iliyopanga picha na maandishi katika ujumbe wa MMS wa simu za zamani, na bado inatumika katika vitabu vya kielektroniki vya EPUB 3 vinavyosomwa kwa sauti huku maneno yakimulikwa. Kanuni yake imeendelea kuishi katika HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti: ukiorodhesha faili kadhaa ndani ya kipengele cha video, kivinjari huchukua ya kwanza kinayoweza kuicheza. Hata usipoandika msimbo wowote, unaweza kuifuata kwa kubeba mafaili manne kwenye flashi yaliyopewa namba kuanzia zito hadi jepesi.

## Mpangilio wa skrini

4. Nichague uwiano gani wa skrini: 16:9, 4:3 au wima?

Chagua 16:9, yaani upana wa sehemu 16 kwa kimo cha sehemu 9, kama toleo mama, kwa sababu televisheni na kompyuta za sasa ni za umbo hilo, lakini ujue linavyotokea kwingine. Projekta nyingi za zamani zilizomo kwenye kumbi zetu ni za 4:3, zenye pikseli (nukta zinazounda picha) 1024 kwa 768. Slaidi ya 16:9 ikionyeshwa humo hupata pikseli 1024 kwa 576, yaani robo nzima ya kimo inabaki nyeusi juu na chini, na herufi zote hupungua kwa kiasi hicho. Kinyume chake, slaidi ya 4:3 kwenye televisheni ya pikseli 1920 kwa 1080 huacha kanda mbili nyeusi za pikseli 240 kila upande. Katika hali zote mbili hakuna kinachokatwa, ila nafasi imepotea.

Simu inayoshikwa wima ni jambo jingine. Usijaribu kuikata video ya mlalo iwe wima bila kuitazama fremu baada ya fremu, kwa maana mkono unaochuma tunda huenda uko upande ule unaokatwa. Unapopiga picha, weka tendo muhimu katikati na uache pembeni mambo ya mandhari. Ukifanya hivyo video moja itakatwa kwa umbo lolote baadaye bila hasara.

5. Niweke vipande kwa vipimo vya pikseli au kwa asilimia?

Kwa asilimia, au kwa uhusiano kati ya kipande na kipande: picha iwe juu, maelezo yawe chini yake, upana wote utumike. Kipande kilichopangwa kuanza kwenye pikseli ya 900 hakipo kabisa kwenye skrini yenye upana wa pikseli 720. Hata hivyo asilimia peke yake haijibu swali la nini kifanyike picha isipolingana na nafasi yake. Hapo unachagua kati ya njia tatu. Ya kwanza ni kuipunguza hadi ionekane yote, na kuacha nafasi tupu. Ya pili ni kuikuza hadi ijaze nafasi, na kukubali ukingo ukatwe. Ya tatu ni kuivuta mpaka iwe na umbo la nafasi. Kwa michoro na chati tumia ya kwanza daima. Kwa picha za mandhari ya shamba, ya pili inafaa. Ya tatu sijapata kuona mahali panapoihitaji. Huwafanya watu waonekane wafupi na wanene, na watazamaji huliona hilo mara moja na kuacha kusikiliza.

6. Herufi ziwe kubwa kiasi gani?

Fanya hesabu ndogo. Slaidi ya kawaida ina kimo cha inchi 7.5, ambazo ni pointi 540. Slaidi hiyo ikitazamwa kwenye simu iliyoshikwa wima, upana wake ni takriban sentimita 7 na kimo chake hakifiki sentimita 4. Fonti ya pointi 28 itakuwa na kimo cha milimita mbili hivi, nayo inasomeka. Fonti ya pointi 14 itakuwa milimita moja, na hata kijana mwenye macho mazima ataikuza kwa vidole au ataiacha. Kwa hiyo pointi 28 ndiyo iwe chini kabisa, na ikiwa maneno hayatoshi kwenye slaidi kwa ukubwa huo, ya ziada yahamie kwenye sauti.

Acha pia nafasi ya ziada katika kila kisanduku cha maandishi. Neno moja la Kiswahili kama «yanayokaushwa» hubeba kazi ya maneno kadhaa ya lugha nyingine na haligawanyiki kirahisi mwisho wa mstari, na somo letu litatafsiriwa kwa lugha zaidi ya moja (tazama swali la 12).

7. Kwa nini slaidi zangu hubadilika sura nikizifungua kwenye kompyuta ya mwenyeji?

Sababu kubwa ni fonti. Ikiwa kompyuta ya mwenyeji haina fonti uliyotumia, huweka nyingine isiyolingana nayo kwa upana, mistari huvunjika mahali papya, na maneno ya mwisho huanguka nje ya kisanduku. Tatizo huwa zito zaidi kwa herufi ŋ ya Kiganda na Kiacholi: fonti isiyo nayo huonyesha kiboksi kitupu, na neno kama «eŋŋoma» halisomeki. Tumia fonti za kawaida ambazo umehakikisha zina herufi hiyo, au pachika fonti ndani ya faili ikiwa programu yako inaruhusu. Beba pia nakala ya PDF, kwa kuwa PDF iliyotengenezwa vizuri huwa na fonti ndani yake. Ingawa haitacheza video, slaidi zitabaki zilivyo.

Sababu ya pili ni viungo vilivyokatika. Niliwahi kusimama mbele ya wakulima waliotembea tangu alfajiri, nikabonyeza video ya kukausha kahawa, na skrini ikabaki nyeupe, kwa sababu faili ya video ilikuwa imebaki kwenye kompyuta yangu nyumbani na slaidi ilikuwa na anwani yake tu. Niliwaeleza kwa mdomo, lakini walikuwa wamekuja kuona. Tangu siku hiyo video zote hukaa kwenye folda moja na slaidi, nami hulifungua folda hilo kwenye kompyuta ngeni kabla ya kuondoka.

## Video, sauti na bando

8. Nitengeneze video kwa ukubwa wa aina ngapi?

Tatu zinatosha: mbili za video na moja ya sauti tupu. Ukubwa wa faili hutokana na kasi ya biti, yaani kiasi cha data kinachotumika kila sekunde, ikizidishwa kwa muda, kwa hiyo unaweza kuujua kabla ya kutengeneza. Kwa somo la dakika kumi, video ya 720p (kimo cha pikseli 720) yenye kilobiti 1,500 kwa sekunde pamoja na sauti ya kilobiti 128 huwa takriban megabaiti 122. Video ya 360p yenye kilobiti 400 na sauti ya kilobiti 64 huwa kama megabaiti 35. Sauti peke yake kwa kilobiti 48 haifiki megabaiti 4.

Tofauti kati ya 122 na 35 ni pesa mfukoni mwa mkulima. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, na watu wengi hununua bando la siku. Andika ukubwa wa faili kando ya kila chaguo ili mtu aamue kabla ya kubonyeza. Kumficha mtazamaji gharama ambayo yeye ndiye atakayeilipa ni kumkosea heshima. Picha za video pia zichaguliwe kwa kujua zitabanwa. Mtu aliyesimama mbele ya ukuta hubanwa vizuri, lakini majani ya mibuni yanayotikiswa na upepo hula biti nyingi na kugeuka viraka kwenye toleo la 360p, kwa hiyo sogeza kamera karibu na tunda.

9. Nitumie umbizo gani la faili?

MP4 yenye video iliyobanwa kwa H.264 na sauti iliyobanwa kwa AAC. Kiwango cha H.264 ni cha mwaka 2003, na karibu kila simu janja, kompyuta na televisheni yenye mlango wa flashi hukielewa. Vilivyokuja baadaye, yaani H.265 wa 2013 na AV1 wa 2018, hutoa faili ndogo kwa ubora uleule, lakini vifaa vya zamani havivichezi, au huvicheza kwa kukwamakwama. Ukivitumia, viwe machaguo ya juu, na H.264 ibaki chini yao kama ilivyoelezwa katika swali la 3. Chunga video zilizopigwa kwa iPhone: mara nyingi huwa za H.265, na zinahitaji kugeuzwa kwanza.

10. Je, mfumo unaweza kumchagulia mtazamaji ubora wenyewe?

Ndiyo. Mbinu ya HLS, iliyoanzishwa na Apple mwaka 2009, na ile ya DASH iliyofanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2012, hukata video katika vipande vya sekunde chache, kila kipande kwa ubora kadhaa, na programu ya mtazamaji hupima kasi ya mtandao na kuchagua kipande kifuatacho. Mtandao ukidhoofika picha hufifia lakini somo halikatiki. Kasoro yake ni kwamba programu hutazama kasi tu. Haijui kuwa mtandao ni wa kasi lakini bando limebaki megabaiti 40. Kwa hiyo mwachie mtazamaji kitufe cha kuchagua toleo jepesi kwa hiari yake.

11. Nikituma kwa WhatsApp itaharibika?

Ukiituma kama video ya kawaida, itabanwa tena, na maandishi madogo yaliyomo ndani ya picha ndiyo ya kwanza kuumia. Ukiituma kama hati, hufika ilivyo. Tuma toleo la 360p kama hati.

## Lugha na uwezo wa watazamaji

12. Nishughulikieje lugha nyingi bila kutengeneza masomo mengi?

Tenganisha lugha na picha. Video iwe moja isiyo na maneno yaliyochorwa ndani yake. Sauti na manukuu, yaani maandishi ya chini, viwe mafaili tofauti kwa kila lugha. Hata hivyo, unapogawa somo, toa faili kamili kwa kila lugha. MP4 inaweza kubeba sauti kadhaa, kila moja kwa lugha yake, lakini programu nyingi za simu hucheza ya kwanza tu, na mtumiaji hajui kwamba kuna nyingine.

Usitegemee lugha ya kifaa kumchagulia mtu. Teknolojia inaruhusu jambo hilo, lakini wengi ninaowahudumia wanatumia simu zilizobaki na Kiingereza kama zilivyotoka dukani, ilhali wao wanataka Kilumasaba, Kikonzo au Kiswahili. Weka majina ya lugha kwenye skrini ya kwanza, kila moja likiandikwa kwa lugha yenyewe. Kiswahili kiwemo daima. Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi mwezi Julai 2022, na hata kabla ya hapo kilikuwa kikiunganisha watu kwenye mipaka ya Busia, Malaba na Mpondwe.

Tuna pia chaguo la mwisho ambalo ni la kwetu kabisa. Vibanda vya video vya Uganda vimezoesha watu kumsikiliza mfasiri, ambaye huitwa VJ, akisimulia filamu kwa Kiganda huku inaendelea. Mkalimani aliye ukumbini anaweza kulifanyia somo lako hivyo hivyo, ukimwachia ukimya wa sekunde tano au sita baada ya kila hoja na ukimpa toleo lisilo na sauti ya msimulizi.

13. Viziwi watafuataje somo?

Waandalie manukuu, na pale inapowezekana mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Uganda. Manukuu yasizidi mistari miwili ya herufi zipatazo 40 kila mmoja, na yataje sauti zenye maana, kwa mfano matunda makavu yanapochakarishwa. Kwa televisheni ya flashi, faili ya manukuu ya SRT ipewe jina lilelile la video na ikae folda moja nayo. Wavuti hutumia WebVTT, inayofanana na SRT lakini huanza na neno WEBVTT na hutenganisha sekunde na sehemu zake kwa nukta badala ya mkato. Kosa hilo dogo hutosha kuyazuia manukuu yote yasionekane. Kwa simu za bei nafuu tengeneza pia toleo ambalo manukuu yamechomwa ndani ya picha.

Mkalimani wa ishara asiwekwe kwenye kidirisha kidogo pembeni. Kwenye skrini ya simu, kidirisha hicho huwa kama ukucha, vidole havionekani, na ishara zinazotofautiana kwa umbo la vidole hufanana. Mpe walau theluthi ya upana, au tengeneza video ambamo yeye ndiye mkubwa.

14. Je, rangi zitaonekana kama ninavyoziona mimi?

Hapana, na kwa somo la kahawa jambo hili ni kubwa. Kwenye ukumbi wenye madirisha wazi, projekta dhaifu hulifanya tunda jekundu na lile la rangi ya manjano kuwa karibu sawa, na wapo watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao macho yao hayatofautishi vyema nyekundu na kijani. Ukisema «chuma kama hili» huku ukionyesha picha tu, hao wote hawajafundishwa. Sema pia kwa maneno, na uonyeshe dalili isiyo ya rangi: tunda lililoiva ukiliminya kwa vidole, buni huchomoka kwa urahisi. Kwa maandishi, WCAG, mwongozo wa W3C wa kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia wavuti, unataka tofauti ya mwanga kati ya herufi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1. Kwa ukumbi wenye jua, tumia nyeusi juu ya nyeupe.

Maelezo hayo ya maneno ndiyo pia yanayomfikia asiyeona, kwa hiyo sauti ieleze kila tendo bila kusema «hapa» au «hivi».

## Hali za pekee

15. Ukumbi hauna intaneti na umeme hukatika. Nibebe nini?

Beba kila kitu kwenye flashi mbili zilizoandaliwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ndani ya flashi, kwa kuwa televisheni za zamani hukataa mifumo mingine. Kumbuka tu kwamba FAT32 haipokei faili inayofika gigabaiti 4. Beba kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa, spika ya kuchaji, na waya za HDMI na VGA za kuunganishia projekta, pamoja na adapta. Ikiwa umeme wote umekwisha, gawa watu katika vikundi vya watano kuzunguka simu moja yenye toleo la 360p. Ukikumbuka swali la 6, herufi zako bado zitasomeka.

16. Watazamaji wengine wana simu ya vitufe, yaani katochi. Wanaingiaje?

Kwa toleo la sauti. Litengeneze kama kazi kamili yenye usimulizi wa kutosha, usikate tu sauti ya video. Faili ya megabaiti 4 huingia kwenye memori kadi ya simu yoyote inayocheza muziki, na hiyo hiyo inaweza kusikika kijijini kupitia bizindaalo, yaani vipaza sauti vya kutangazia, au redio. Weka msimulizi kwenye chaneli zote mbili za sauti, kwa maana sauti iliyowekwa upande mmoja hupotea pale spika ya upande huo isipokuwepo.

17. Nina masomo ya zamani ya Flash, ile programu ya Adobe (si flashi ya kuhifadhia mafaili). Yanaokoleka?

Msaada wa Flash ulikoma tarehe 31 Desemba 2020, na vivinjari haviyachezi tena. Ikiwa una faili za asili, toa picha, sauti na video moja moja, kisha uzipange upya. Kama huna, njia rahisi ni kuyacheza kwa programu ya kuiga Flash na kurekodi skrini kuwa MP4, ingawa vitufe vya maswali na majibu vitakuwa vimekufa.

18. Nitajuaje kwamba kazi imekuwa tayari?

Ipime kwenye vifaa halisi vinne: simu ya bei nafuu iliyoshikwa wima nje juani, televisheni ya flashi, kompyuta isiyo yako yenye projekta, na katochi. Kisha mpe simu mtu ambaye hajaliona somo, usimweleze chochote, na mwishoni umwombe akueleze hatua za kuvuna na kukausha kahawa. Akikosa moja kati ya yale manne ya swali la 2, rudi kwenye toleo alilotazama utafute hatua hiyo ilipopotelea, kwa sababu huenda ipo kwenye toleo kubwa na ikaachwa kwenye dogo.